Siku Ochola Alipokimbia Bila Sauti

Nisikilize, mwenzangu. Najua ni ajabu kuanza na neno hilo katika kazi yetu, ambako nusu ya watu hawasikii na nusu nyingine wanasikia lakini hawatazami. Ila wewe ndiye mkalimani mpya wa kikundi, una masikio na una mikono, na mimi nimestaafu juzi tu, kwa hiyo nipe vyote viwili kwa muda mfupi. Nataka kukueleza kazi ya kuwa sauti ya waigizaji Viziwi ilivyokuwa kwangu, huku Migori na Homa Bay. Vyeo na mshahara utaulizia ofisini. Mimi nitakueleza zaidi nilivyoogopa, kwa sababu hata wewe utaogopa, na ni heri ujue mapema kwamba hiyo hofu haimaanishi umekosea kazi.

Nilianza nikiwa mwalimu wa shule ya msingi si mbali na mji wa Migori. Shule ilipofungua darasa la watoto Viziwi, mwalimu mkuu alitupa macho katika chumba cha walimu, akaona mimi ndiye nisiyeongea sana, akasema nitawafaa. Alidhani ni darasa la watu wa kimya. Wale watoto walikuwa na maneno mengi kuliko walimu wote tukijumlishwa. Walisengenya, walitaniana, walinikosoa. Lugha ya ishara nilijifunza kwao wakati wa mapumziko, kabla sijatumwa kwenye mafunzo yoyote, na mpaka leo nikichoka mikono yangu hurudia ishara za kitoto.

Maigizo yalinifuata baadaye. Homa Bay kulikuwa na fundi wa kushona, Kiziwi, jina lake Rosebella. Jumamosi alifunga duka lake mapema, akakusanya Viziwi wenzake katika ukumbi wa kanisa, wakaigiza. Walikuwa hodari, lakini watu wenye kusikia walitazama kidogo, wakacheka mahali pasipochekesha, wakaondoka. Rosebella alitaka sauti. Alisikia habari zangu, yaani aliziona kwa mtu, akaniita.

Siku ile ya kwanza nilisimama pembeni mwa jukwaa, waigizaji wote wakinitazama, na mikono yangu ikaanza kutetemeka. Nilijaribu kuificha mgongoni. Mkalimani anayeficha mikono ni sawa na mtangazaji anayeziba mdomo, na waliona yote. Kabla ya jioni walikuwa wamenipa jina. Viziwi hawakuiti kwa kutaja jina lako herufi kwa herufi kila mara. Wanakupa ishara yako mwenyewe, kutokana na sura yako au jambo ulilofanya, na hukatai. Langu ni vidole vilivyonyooshwa vinavyotetemeka. Nimeitwa hivyo mbele ya maaskofu na wakuu wa wilaya.

Nikueleze sasa vifaa, maana havizidi vichache. Vaa nguo ya rangi moja isiyofanana na ngozi yako, nyeusi au buluu iliyokolea. Leso ya maua inameza vidole. Vua bangili, kata kucha, acha pete nyumbani. Beba maji, maana wewe utakuwa sauti ya mume, mke, mtoto na chifu katika saa moja. Jua lisiwe nyuma yako, la sivyo waigizaji wataona kivuli tu. Haya yote Rosebella alinifundisha kwa kunivuta mkono wa blauzi na kunisimamisha panapofaa, kama anavyonyoosha kitambaa mezani. Aliniona sina nguo inayofaa, akanipima hapo hapo, akanishonea gauni jeusi la kitambaa kizito ajabu. Niliiva ndani yake kila Jumamosi, wala sikuthubutu kulalamika, kwa sababu alijua kusoma uso.

Kuna kanuni moja itakayokusumbua mwanzoni. Kiziwi akisema kwa mikono kwamba ana njaa, wewe husemi "anasema ana njaa." Unasema "nina njaa." Sauti ni yako, lakini "mimi" ni yake. Siku moja Mbita niliigizia sauti kijana ambaye hajala tangu jana, na mchezo ulipoisha mzee mmoja alinijia na kikombe cha uji, akanisihi ninywe kwanza kabla sijarudi nyumbani. Nilikunywa. Kumweleza kanuni ningemaliza siku.

Na kuna neno ambalo nililipiga marufuku. Unalijua: momo. Kwa Kiswahili watu husema bubu, na kwa Kijaluo ndilo hilo, na wanalitumia kwa mtu yeyote asiyesikia hata awe na akili za kuuza. Kila tulipofika mahali nilianza kwa kueleza watu polepole kwamba hawa ni Viziwi, wana lugha yao kamili, na neno hilo linawaumiza. Watoto wakilitamka niliwasimamisha. Mbele ya waigizaji wetu halikupita bila mimi kulikemea, na walijua.

Sasa nije kwenye hofu. Hofu ya kutetemeka mikono huisha. Iliyobaki nami ni hofu ya mgongo. Kiziwi akikutazama, mko pamoja. Akigeuka tu, huwezi kumfikia. Unaweza kuwa hatua chache nyuma yake na ukawa mbali kama uko ng'ambo ya ziwa. Katika ukumbi mmoja Mbita stima ilipotea katikati ya mchezo, na gizani wale waigizaji wote, watu wazima, walitafutana kwa mikono wakashikana mpaka taa ikawaka. Kwao giza lilikuwa limefunga macho na midomo kwa pamoja. Tangu hapo Rosebella aliamua tucheze mchana, nje, mahali pa wazi. Tukadhani tumeishinda hofu. Kumbe nje kuna mambo yanayokuja kutoka nyuma. Kule Magunga, fahali aliyekata kamba alikuja mbio kuelekea mgongo wa mwigizaji wetu, Ochola. Nikamwita kwa jina, kwa sauti yote niliyojaliwa. Hebu fikiria. Fahali ndiye aliyenisikia, akageuka.

Huyo Ochola ndiye ninayetaka umjue, kwa sababu ndiye utakayefanya naye kazi. Ni fundi wa pikipiki, mrefu, mwembamba, ana miguu ya kukimbia. Alipoteza uwezo wa kusikia kwa surua akiwa mdogo. Rosebella alimtungia mchezo wa kuchekesha: mtu anamwona kuku kwa jirani, anamvizia, anamnyakua, anakimbia naye, na jirani, ambaye ni mnene, anamfukuza. Jirani huyo aliigizwa na Ombogo, Kiziwi mwenzao, muuza viazi. Wawili hao walikatiza kati ya watazamaji, wakapotea nyuma ya vibanda, kisha wakatokea upande wa pili, Ombogo akihema. Mwisho chifu anaamua kesi, na inajulikana kwamba kuku ni wa Ochola tangu awali. Jirani ndiye aliyemwiba kwanza. Kuku alikuwa wa kweli. Rosebella alikataa kuku wa kitambaa. Alisema kuku wa kitambaa hatapiga mabawa, na wenye kusikia wanapenda vitu vinavyopiga mabawa.

Mchezo huo ulipendwa kila mahali. Kisha tukaupeleka Rangwe, siku ya soko.

Tulichagua uwanja mdogo kando ya soko. Asubuhi Ombogo na Ochola walipita njia yao ya kukimbilia, nyuma ya maghala ya mahindi na kurudi. Ilikuwa wazi. Mchezo ulipoanza watu walijaa, akina mama wenye vikapu, vijana wa bodaboda, watoto wengi kupita kiasi. Nilieleza yangu kama kawaida, nikasimama pembeni, tukaanza. Ochola alimvizia kuku yule kwa namna iliyowafanya watu washike matumbo. Alimnyakua, akakatiza kati yao, Ombogo nyuma yake, wakapotea.

Jambo ambalo hatukulijua ni kwamba lori la kabichi lilikuwa limeingia na kuegeshwa katikati ya ile njia. Ochola alipolikuta hakusimama, maana mwigizaji hasimami. Alikata kushoto. Kushoto ndiko walikokaa wauza kuku.

Mimi huku nilibaki na watazamaji. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika sehemu ile, kujaza nafasi kwa sauti ya jirani anayelalamika kuhusu kuku wake, mpaka watokee upande wa pili. Nikalalamika. Watu wakacheka. Nikaongeza. Halafu nikasikia kelele nyingine kutoka nyuma ya vibanda. Kicheko huwa kinapanda na kushuka, watu wakivuta pumzi. Hii haikushuka. Ndani yake kulikuwa na neno moja likirudiwa, mwizi, mwizi, na kwa muda mfupi nilifurahi, nikidhani watu wameingia kwenye mchezo wetu.

Ombogo akatokea upande wa pili, peke yake. Alikuwa mnene kweli, na mbio zilimwacha nyuma. Lori alilizunguka kwa upande mwingine. Alinitazama, akafanya ishara ya jina la Ochola, kidole kwenye nyusi palipo na kovu lake, kisha akafungua viganja: yuko wapi?

Niliacha kusema katikati ya sentensi. Nikamwonyesha Rosebella kwa mkono kule kelele ilikotoka, nikakimbia na lile gauni zito.

Walikuwa wamefanya duara. Mimi ni mfupi, lakini kati ya mabega niliona. Ochola alikuwa katikati, kuku kwapani, na alikuwa anatabasamu. Usishangae, nitakueleza kwa nini, maana hili ni kosa ambalo mtu mwenye kusikia hawezi kulifanya. Viziwi hawapigi makofi kwa sauti. Wanainua mikono yote miwili juu na kuitikisa, na ndivyo tulivyowafundisha watazamaji wetu kila mahali. Ochola alisimama akaona mikono imeinuliwa pande zote, mingi, ikitikisika. Hakuona vizuri kilichokuwa ndani ya mikono ile, au aliona na hakuunganisha. Hakusikia neno lolote. Aliinamisha kichwa kidogo kuwashukuru.

Mbele yake alikuwa mtu wa buchari, muuza nyama mwenye aproni na rungu mkononi, mtu mpana, sauti nene. Alipoona huyu hajibu maneno, alimuuliza kwa mkono, kama mtu yeyote angefanya. Alimwonyesha kuku, akakunja vidole hewani vile watu wote huonyesha kuiba, akamwelekezea kidole kifuani: ni wewe?

Ochola akaitikia kwa kichwa kwa nguvu zote. Akajipiga kifua. Akamwinua kuku juu ili wote wamwone. Alidhani ameulizwa nani aliyeigiza mwizi.

"Amekubali," mtu akasema karibu yangu, kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele. "Hata hana aibu. Anacheka."

Pigo la kwanza lilitoka nyuma, mahali ambapo hangeweza kulijua. Lilimpata sikioni. Aligeuka, na tabasamu bado lilikuwa usoni, halijapata nafasi ya kuondoka.

Nilipaza sauti, "Ni mchezo. Jamani, huu ni mchezo."

"Mchezo?" kijana mmoja akanigeukia. "Mathe, kuiba kuku ya watu ni mchezo?"

"Kumbe wako wawili," mwingine akasema. "Huyu mama ndio anamtuma. Unatuchezea, mama?"

Unaona lugha yetu ilivyonifanyia. Neno nililokuwa nalo la kueleza igizo ndilo lile lile la mzaha, na kila nilipolirudia nilizidi kuwatukana. Nikajaribu kusema ni Kiziwi. Ni neno sahihi, lakini katika kelele ile hakuna aliyelichukua. Wengi pale Kiswahili walikuwa nacho cha kununulia na kuuzia. Mawe yalikuwa yameanza kuokotwa. Niliona migongo ikiinama.

Ndipo nikapiga kelele kwa Kijaluo, kwa lugha ya mama yangu, lile neno.

"En momo, jothurwa. En momo." Ni bubu, watu wetu. Ni bubu huyu.

Lilipita kati yao kama maji. Walilijua tangu utotoni, halihitaji kufikiriwa. Mikono ilishuka kidogo, haikushuka yote. Mama mmoja akarudia, momo, kwa sauti ya huruma ambayo siku nyingine ningeikemea. Mtu wa buchari akamtazama Ochola upya, kuanzia miguuni.

"Na momo haibi?" akauliza. Lilikuwa swali la haki. Rungu lilikuwa bado juu.

Rosebella akapita. Alikuwa ameona nilivyokimbia akajua. Alikuwa tayari amevaa mavazi ya chifu, kofia aliyoshona mwenyewe, masharubu ya uzi mweusi, fimbo, kwa kuwa sehemu iliyofuata ilikuwa yake. Nyuma yake lilikuja kundi la watoto wa kule uwanjani, wanacheka, wanaona mchezo umehamia huku. Watu walimpisha. Ni vigumu kumzuia mama mwenye masharubu. Aliingia katikati, akamshika Ochola kola, akampigisha magoti, akageuka akautazama umati, polepole, mmoja mmoja, jinsi chifu wake alivyokuwa akifanya kila Jumamosi. Kisha akanitafuta mimi kwa macho. Akaanza kusema kwa mikono.

Nilielewa. Nikajipenyeza mpaka mbele, nikateremsha sauti mpaka mahali ninapomwekea chifu.

"Nani anapiga kelele katika lokesheni yangu kabla sijanywa chai?"

Watoto walicheka. Walikuwa wameusikia utani huo mara nyingi ukitajwa na ndugu zao walioona mchezo kwingine. Mtu mzima mmoja akacheka pia, kisha akaangalia kama wenzake wamemwona.

Rosebella alimwendea mtu wa buchari. Alilitazama rungu, akamtazama uso, akainua nyusi. Nikasema, "Na wewe ni shahidi? Shahidi huja kwangu na kidhibiti. Leta kidhibiti." Akanyoosha kiganja. Yule mtu akageuka kushoto na kulia. Watu walikuwa wanamngojea. Akatoa rungu. Rosebella alilipokea kwa mikono miwili kwa heshima, akaliweka chini nyuma yake, akaweka mguu juu yake.

Wakati huo Ochola alikuwa ananitazama mimi. Damu ilikuwa inateremka shingoni. Mkono mmoja ulikuwa umemshika kuku, na kwa mkono mwingine, chini, karibu na paja, aliniuliza: wananipiga kweli?

Sikiliza vizuri hapa, kwa sababu siku moja utaulizwa hivyo. Mdomo wangu ulikuwa wa chifu, lakini mikono ilikuwa ya Ochola. Nikamjibu huku nikiendelea kunguruma: kweli. Usiache kuigiza.

Niliona uso wake ukielewa. Magoti yalianza kumtetemeka, kuku akahisi akapiga mabawa, na umati ukaangua kicheko, kwa sababu sasa waliamini wanatazama igizo na kwamba hiyo ni hofu ya kuigiza. Sijawahi kuchukia kicheko kama kile, na wakati huo huo nilikuwa nakiombea kisikome.

Mchezo wote ulibaki kuchezwa, na tuliucheza. Ombogo alifika akihema, akatoa ushahidi wake wa uongo. Kuku alichunguzwa. Chifu aliamua kesi. Kila nilipotaka kuharakisha, Rosebella alinipunguza kwa macho, maana aliona watu walio nyuma bado hawajaelewa, na walio nyuma ndio waliokuwa na mawe. Mpaka alipofika mwisho hapakuwa na mtu aliyeshika kitu.

Halafu akafanya alilozoea kufanya. Aliinua mikono miwili na kuitikisa, kuwaonyesha jinsi ya kumshangilia Kiziwi. Nao wakafuata, wote, kwa furaha, mtu wa buchari akiwa wa kwanza.

Ochola, akiwa bado amepiga magoti, alipoona mikono ile inainuka tena, alijikunja juu ya yule kuku akafunika kichwa.

Rosebella ndiye aliyemfikia kwanza.

Tulimpeleka zahanati iliyokuwa karibu, wakamshona sikio. Watu kadhaa walitufuata na kukaa nje, wakisema pole, pole sana madam, hatukujua. Mtu wa buchari alileta soda. Ochola aliipokea bila kumtazama. Muuguzi aliponitazama mimi na kuniuliza mgonjwa anaumia wapi, nikamwonyesha mgonjwa mwenyewe, amuulize yeye. Nilishukuru kupata kanuni ya kushikilia.

Alipomaliza kushonwa Ochola aliniuliza swali. Alisema, nilikuona mdomo wako ukirudia mchezo, mchezo. Kisha ulisema kitu kingine wakasimama. Ulisema nini?

Unajua sheria yetu. Lolote linalosemwa mbele ya Kiziwi, ana haki ya kulijua, hasa likimhusu. Hatupunguzi na hatupambi. Nilikuwa nimechoka na ningeweza kusema nilitaja jina lake. Nikamfanyia ile ishara, ile ya mkono mdomoni ambayo watoto humkejeli nayo Kiziwi barabarani, ili ajue ni neno gani hasa.

Aligusa sikio lililoshonwa. Rosebella alikuwa mlangoni akitutazama sote wawili.

Kisha Ochola akasema, "Siku nyingine anza na hilo. Ule mchezo, mchezo wako ulikuwa mrefu."

Rosebella alicheka mpaka masharubu yakadondoka. Mimi nilikaa chini.

Usidhani iliishia kwenye kicheko. Ochola alikaa muda mrefu bila kuja Jumamosi. Kwenye gereji alianza kufanya kazi akiegemea ukuta, na mteja akimgusa bega aliruka. Tulidhani kikundi kimempoteza, na Ombogo alikuwa anasema afadhali tucheze michezo isiyo na mbio. Siku aliporudi, Rosebella alikuwa amemwandalia sehemu ya mchungaji, anayekaa kwenye kiti mwanzo hadi mwisho. Ochola aliikataa. Akasema kuku ni wake, mbio ni zake, na kwamba ukimweka Kiziwi kwenye kiti ili asiumizwe umemrudisha pale alipotoka. Mikono yake iliandika hofu na ukaidi kwa pamoja. Alikuwa na sharti, na sharti hilo ndilo ninalokuachia.

Tangu siku hiyo, kabla ya mchezo, Ochola hutembea soko zima, na nguo zake za kawaida, kuku mkononi, mkalimani kando yake. Husalimia kila kibanda. Hujitambulisha kwa mikono, na mimi nilimtolea sauti kwa kanuni ile ile: "Habari zenu. Mimi ndiye mwizi wa kuku wa leo." Wauzaji waliniangalia mimi, mama mzima na mvi zangu, wakaambiana maneno. Kijana mmoja wa bodaboda hapo Rangwe aliniambia kwa heshima zote, "Mathe, na hizo magoti utakimbia kweli?" Ochola alitaka kujua kilichosemwa. Nikamtafsiria. Alicheka, akamwambia kijana kwamba magoti ni yangu lakini miguu ni yake. Wakapeana mikono. Hiyo ni mikono miwili ambayo haitaokota jiwe, na tunaitafuta hivyo, miwili miwili, mpaka soko liishe.

Hata hivyo sijaacha kuogopa. Wiki ijayo mnarudi Rangwe, na mara hii mimi nitakuwa nyumbani kwangu nimekaa, bila gauni jeusi. Siko hapo tena kumwona mgongo. Wewe ndiye uliyeko.

Kwa hiyo fanya hivi. Fikeni mapema. Tembea njia ya kukimbilia mwenyewe, kisha irudie dakika ya mwisho kabla ya kuanza, uone kama pameingia lori. Mpeleke Ochola asalimie upande wa wauza kuku kwanza. Na akimnyakua kuku na kugeuza mgongo, usibaki kuchekesha watu uwanjani. Hadhira ikikosa maneno, iache ikose. Kimbia naye.